Daftari la Ismenia

Usiku wa kwanza, mjini Ancud, walikuja watu wanne.
Mmoja ni mwenye ukumbi.
Mmoja alikuwa anangoja mvua ipungue,
na kusini mwa Chile mvua haina haraka ya kwenda popote.
Mmoja alilala, kofia usoni, tangu wimbo wa pili.
Wa nne ni mimi, kaka yake, mbeba spika.

Ismenia akavuta akodiani yake kana kwamba ukumbi umefurika.
Kisha akashuka na daftari la shule,
lile lenye picha ya farasi kwenye jalada,
akamuuliza kila mtu jina, na anakoishi, na kilichomleta.
"Jiko," akasema yule aliyelala. "Humu mna moto."
Naye akaandika: Nolberto Barría. Moto.

Nilicheka njia nzima hadi kwenye feri.
Nikamwambia: haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba chako, dada, kina tundu.

Miezi saba baadaye tukarudi.
Watu kumi na mmoja.
Kabla Nolberto hajavua koti
Ismenia alikwisha kumsogezea kiti karibu na jiko.
Wimbo ule wa mjane anayekausha soksi za marehemu,
Nolberto aliusikiliza akiwa macho.

Mwaka wa tatu akaja bwana mmoja kutoka Santiago,
viatu vyake havijawahi kuonja tope.
Akataja maelfu, akataja malaki,
akataka wimbo wa soksi ufupishwe, mjane aondolewe.
Dada akamfungulia daftari.
"Huyu Edelmira amejifungua pacha.
Huyu Rosamel haji Jumanne, husafishwa damu hospitali.
Hao malaki wako wanaitwa nani?"
Bwana akatazama saa.
Na mimi, nisifiche, nilimtazama bwana.
Nilikuwa na deni la injini ya gari;
lingelipika siku ileile.
Sikusema na dada yangu siku tisa.

Halafu unyevu ukaila akodiani kimyakimya.
Mvukuto ukapasuka Castro, katikati ya ubeti,
ukatoa sauti ya ng'ombe anayekohoa.
Ismenia akaandika barua, mojamoja, kwa mkono,
majina mia moja na arobaini.
Hakuomba kitu. Aliwaeleza tu kwa nini hatafika.

Ikaja ngozi ya mbuzi, kwa fundi viatu wa Dalcahue.
Ikaja nta.
Ikaja pesa iliyokunjwa ndani ya soksi ya sufu,
soksi moja tu, na kikaratasi:
ya pili utaichukua ukumbini.
Mtu akaleta gunia la viazi, akaomba radhi kwamba ni viazi.
Tulivila hadi Septemba.

Nolberto hakutuma kitu. Aliyeandika ni binti yake.
Jina halikufutwa.
Tukipiga Ancud, kiti kile hukaa palepale karibu na jiko,
na mgeni akikiendea
kuna mkono humwonyesha kwingine,
wala si mkono wetu.

Juzi ilikuwa Quellón, banda la kunyolea kondoo.
Feri ilichelewa kwa saa tano.
Nikasema: wamekwisha kwenda kulala, na mimi ningelala.
Tukaona taa.
Ndani walikuwa wanaimba wimbo wa soksi,
bila akodiani, kwa sauti ya chini kuliko yake,
wanapiga miguu penye mbao zilizolegea,
na ubeti wa tatu wameugeuza:
mjane wao anazivaa soksi zile,
anatoka nje kukata kuni,
anacheka.

Nikanyoosha mkono nisukume mlango.
Ismenia akanishika kiwiko.
Mvua ilikuwa inaniingia kwenye kola, spika begani.

"Subiri," akasema. "Huo ubeti siujui."